Si Mke wa Lutu

Siku hiyo hasira ya Nyangate iliamka kabla yake. Alipotoka nje na beseni kuteka maji ya msasa, aliikuta imeshakaa uani inamngoja, kama jirani mwenye shari.

Ilianzia jioni ya jana yake. Mumewe Duke alikuwa anavua viatu vilivyojaa vumbi la mawe, akasema kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, "Kesho kuna madam anakuja kutoka Kisii mjini. Anaandika kitabu cha wachongaji wetu. Anataka habari za Mke wa Lutu."

"Atamwuliza nani?"

"Baba, bila shaka. Amwulize nani mwingine?"

Nyangate alichukua viatu akaenda kuvikung'uta. Watu walisema ana haya, na haya alikuwa nazo kweli. Mbele ya watu sauti yake ilikuwa ikimtoroka tangu shuleni, na shule yenyewe aliiacha darasa la saba, kabla ya mtihani. Lakini haya ni kifuniko tu. Chini ya kifuniko, sufuria inaweza kuwa inatokota.

Huko Tabaka kila boma linaishi kwa jiwe la sabuni. Wanaume hulichimba timboni likiwa bado na unyevu, wakalichonga kwa panga, tezo na kisu. Kisha jiwe huja kwa wanawake. Wanawake huliosha, hulipiga msasa kwa maji, hulipaka nta, mpaka alama zote za panga zifutike. Mwanamume hutoa umbo, mwanamke hufuta alama. Ndivyo ilivyogawanywa kazi, na aliyegawa hajulikani.

Mke wa Lutu alisimama mlangoni mwa kanisa la parokia. Kusema kweli hakusimama: alikuwa amepiga magoti, mwili wake ukielekea njia, lakini shingo ameizungusha hadi begani, macho chini, mkono mmoja ukivuta nguo mdomoni. Jiwe lake lilikuwa jeupe kama maziwa yaliyoganda. Watu walikuja kutoka Nairobi kumpiga picha. Kwenye kibao cha jiwe lile lile, chini ya magoti yake, palichongwa: MKE WA LUTU. KAZI YA MZEE ANYONA.

Na kila mwaka somo la Sodoma lilipofika, katekista Nyamongo hakuhangaika kutafuta mfano. Alinyoosha kidole mlangoni. "Mwanamke na shingo yake! Aliambiwa asigeuke. Akafanya nini? Akageuka! Mtazameni, chumvi tupu!" Wanaume walicheka wakiwatazama wake zao. Wake walicheka pia, maana ungefanya nini.

Kwenye benchi la nyuma, bibi Nyanchoka, nyanya yake Duke, aliyemzaa baba yake, Joash, alishika fimbo yake akatazama sakafu. Hakucheka. Yeye ndiye aliyemchonga huyo mwanamke.

Nyangate aliyajua hayo tangu msimu wa mvua alioolewa, walipokuwa wawili peke yao wakiosha vibakuli. Bibi alimwambia kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mboga. Zamani hizo bibi alikuwa mkamwana mgeni katika boma la mzee Anyona, baba wa mumewe. Mumewe alikuwa kibarua katika chai ya Kericho. Mikono ya mzee ilikuwa imeanza kutetemeka, kazi za misheni zinangoja, na mzee ana aibu ya kusema hawezi tena. Nyanchoka akabeba tezo akaenda nyuma ya nyumba yake, penye migomba. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemkataza.

"Basi ukamchonga mke wa Lutu," Nyangate alisema.

"Lutu gani? Lutu namjulia wapi mimi? Nilichonga mkamwana." Bibi akaonyesha kijia kwa kidole chenye nyufa. "Baba mkwe wangu alikuwa akikohoa kabla ya kupita pale, nipate kugeuka. Nikisikia kikohozi tu, shingo yenyewe inakwenda. Ndiyo hiyo shingo. Kila aliyeolewa hapa anaijua."

Hizo ndizo chinsoni, heshima ya kuoneana haya kati ya mkamwana na baba mkwe. Maboma mengi siku hizi yamelegeza kamba. Boma la Joash halikulegeza. Joash hakumwita mke wa mwanawe kwa jina, hakumtazama usoni, wala hakumwambia neno moja kwa moja. Nyangate naye alimpa mgongo. Ikiwa kuna la lazima, na Duke hayupo wa kulibeba, Joash alizungumza na kuku. "Kuku wangu, maji ya kuoga yamepoa," alisema, na maji yakaja. Ni njia ya kuchekesha mpaka iwe yako.

Siku aliyogundua kwamba bibi anamfundisha Nyangate kuchonga, alisimama kati ya kuku akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mitetea wa siku hizi wanataka kuwika! Nikimwona mmoja na tezo tena, atarudi alikoanguliwa." Kuku hawakusema kitu. Tezo likafichwa chini ya kitanda cha bibi.

Sasa huyo madam anakuja kumwuliza mtu huyo huyo.

Madam Maureen alifika jua likiwa limepanda, viatu mkononi kwa sababu ya matope, mfuko begani. Alikuwa Mkisii, ila amekulia Nakuru, na Ekegusii chake kilikwisha kwenye salamu. Wakakubaliana Kiswahili. Joash alivaa koti la Jumapili. Duke alileta viti. Bibi Nyanchoka alikuwa mlangoni kwake, kwenye kigoda. Nyangate alikaa karibu na migomba na beseni lake, mgongo kwa wageni, sahani ya jiwe mapajani, msasa mkononi.

"Mzee, nashukuru," Maureen alisema. Akatoa kitabu chembamba, jalada limekula jua. "Hiki kiliandikwa na padri mmoja Mzungu, miaka hiyo ya Uhuru. Ndiyo maandishi ya kwanza kabisa juu ya sanamu za huku. Kila aliyeandika baadaye amechota hapa. Naomba nikusomee anavyosema, wewe uniambie kama ni kweli."

"Soma, binti yangu. Padri huyo alikalia kiti hicho hicho."

Maureen alisoma polepole, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili: "'Nilipomwuliza mzee huyo ni nani aliyechonga sanamu hii, alijibu bila kusita kwamba ni mikono yake. Nilimwambia inanikumbusha mke wa Lutu, naye akakubali kwa kichwa. Nyuma yake alikaa mkamwana wake, ametupa mgongo, akiosha mawe. Hakuitazama sanamu wala hakututazama sisi. Wanawake wa hapa, nilivyoona, hawana habari na sanaa. Kwao jiwe ni sahani chafu tu.'"

Msasa wa Nyangate ulisimama.

"Kweli tupu," Joash alisema. "Babu yangu huyo. Mikono ya dhahabu."

"Soma tena," sauti ya bibi ikatoka mlangoni. "Hapo pa sahani."

Maureen akasoma tena. Bibi alisikiliza akiwa ameinamisha sikio. Miaka yote hiyo alijua aliibiwa. Hakujua kwamba alitukanwa pia.

"Mama," Maureen alimgeukia kwa adabu, "huyo mkamwana alikuwa nani?"

"Mimi."

"Uliona sanamu ikichongwa? Ni mzee Anyona kweli aliyeichonga?"

Lo! Laiti angeuliza kwa njia nyingine yoyote. Bibi Nyanchoka hakuwa amelitamka jina hilo tangu aolewe, wala halikutamkwa mbele yake bila shingo yake kujibu. Kaburi la mzee lilikuwa pale pale uani, chini ya mti wa parachichi. Jina lilipotajwa, shingo ya bibi ikazunguka hadi begani, macho yakaanguka chini, mkono ukavuta leso mdomoni. Akalipa kaburi mgongo.

Maureen alingoja kidogo. Kisha akainama, akaandika, huku midomo yake ikifuata kalamu: "Mama... hakujibu."

Nyangate aliyasikia maneno hayo mawili kama mtu anayesikia mlango ukifungwa kwa mara ya pili. Palepale, uani humo humo, kwa kiti kile kile. Padri aliandika mgongo, na huyu anaandika kimya. Kesho mwingine atakuja na kitabu cha huyu, asome kwamba waliulizwa na hawakuwa na la kusema.

Angegeuka akazungumza, angekuwa amevunja chinsoni mbele ya baba mkwe na mgeni, na angelala kwao. Hakugeuka. Aliitazama sahani iliyokuwa mapajani mwake, na sauti iliyokuwa ikimtoroka siku zote ikaja yenyewe.

"Wewe jiwe," alisema, "pole. Huna mdomo. Ndiyo maana wanakuandika wanavyotaka."

Duke alishtuka. "Nyangate?"

"Naongea na jiwe langu. Jiwe, sikia. Mtu akikupa mgongo hapa kwetu, si kwamba hana habari nawe. Ni kwamba amekatazwa kukutazama. Lakini wageni wakija hawaulizi mgongo una maana gani. Wanaandika tu, mgongo."

Maureen aliinua kichwa.

Joash alikohoa. Kuku walikuwa wanadonoa karibu na kiti chake, akawainamia. "Kuku wangu, naona kuna mtetea amemeza redio."

"Jiwe langu, redio husema ya watu wengine. Mimi nasema ya humu ndani."

"Kuku wangu! Mkumbusheni huyo mtetea kwamba ameingia boma hili juzi juzi. Habari za kale aliziona kwa jicho gani?"

"Jiwe, na yeye aliziona kwa jicho gani? Alikuwa mgongoni kwa mama yake, amefungwa leso, analala. Mama yake ndiye alikuwa macho, na tezo mkononi!"

"Tezo?" Maureen alisema.

"Mama yangu ni mzee," Joash alimgeukia haraka. "Kichwa chake siku hizi kinachanganya mambo. Anawajaza watoto hadithi. Usiandike hayo."

"Jiwe, umesikia? Akipika ugali kichwa kizima. Akihesabu magunia ya mahindi kichwa kizima. Akisema 'nilichonga', kichwa kimeharibika."

Duke alicheka bila kutaka, akajifunika mdomo. Hapo ndipo kamba ilipomkatikia Joash. Alisimama, kiti kikaanguka, kuku wakatawanyika. Alipita viti, akamfikia kule kwenye migomba, akasimama mbele yake uso kwa uso.

"Nyangate! Nyamaza! Nyamaza mdomo wako, Nyangate!"

Baba mkwe alikuwa amemwita mkamwana kwa jina, mara mbili, akimtazama machoni, na kidole chake kilikuwa karibu kumgusa pua. Joash mwenyewe alilisikia jina likirudi kutoka ukutani. Uso wake ulibadilika rangi. Alijifunika macho kwa mkono wa koti, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake akakuta watu wanaoga, akaondoka akipepesuka hadi njiani. Koti la Jumapili lilipotelea nyuma ya ua.

"Sasa itabidi kondoo wa kutakasa chinsoni atafutwe," bibi alisema kwa utulivu. "Na si mimi nitakayemtafuta."

Nyangate alisimama. Akageuka, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kupewa mgongo. "Madam, lete kitabu chako. Hiyo picha ya juu." Sanamu ilikuwa pale kwenye jalada, nyeupe, magoti chini, shingo begani. "Sasa mwambie bibi lile jina tena."

"Nyangate, usimtese," Duke alisema.

"Hatutaji," Maureen akasema kwa sauti ndogo. "Niliona. Niliona, ila sikujua ninachokiona." Akavuta kiti hadi kigodani. "Mama, ni wewe uliyemchonga?"

"Ni mimi. Na si mke wa Lutu. Ni mkamwana, anasikia kikohozi. Hajaasi kitu. Ametii mpaka shingo imekauka." Bibi alilia kidogo, kwa hasira, akajifuta. "Na wananicheka kanisani kila mwaka."

Maureen aliandika ukurasa mzima. Aliuliza mengi na akajibiwa yote. Nyangate alimletea chai, na kwa muda akadhani mambo yamenyooka. Kisha akauliza lile alilokuwa analingoja. "Kwa hiyo jina litabadilika?"

Madam alifunika kalamu yake. "Nitaliweka kwenye tanbihi."

"Ndiyo nini?"

"Ni maandishi madogo, chini ya ukurasa. Nitasema kwamba familia ina masimulizi tofauti."

"Madogo. Chini."

"Nielewe, dada yangu. Mhariri ataniuliza, chanzo chako ni kipi? Padri aliandika wakati huo huo, alikuwepo. Vitabu vyote vinamtaja yeye. Mimi nina neno la mama mmoja, na mwanawe mwenyewe analikana."

"Bibi hakuwepo?"

"Alikuwepo."

"Basi padri alikosea, na wengine wote wakamfuata kama ng'ombe mtoni."

"Ndiyo," Maureen alisema. Hakuona haya kulikubali, na hilo lilimkasirisha Nyangate zaidi. "Mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Aliyeandika kwanza ndiye anayesikika mwisho. Tanbihi ni mwanzo. Siku moja mtu ataisoma, atatafuta zaidi."

"Siku moja bibi atakuwa wapi?"

Maureen alirudisha kitabu mfukoni. Aliaga kwa heshima, akashika mikono ya bibi kwa mikono yake yote miwili, akabeba viatu vyake akaenda zake. Hakuwa mtu mbaya. Nyangate alitamani angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi.

Usiku Duke alimwomba aiache. Baba alikuwa amelala kwa ndugu yake huko Mosocho, wazee wangeitwa, kondoo angenunuliwa, maneno yangepoa. "Wewe umeshasema. Mtu mwenye haya kama wewe, umesema mbele ya watu! Haitoshi?"

"Nimesema na jiwe," Nyangate alijibu.

Asubuhi kweupe, ng'ombe wa jirani wakikamuliwa, alibeba beseni, kopo la maji na vipande vya msasa, ule mkali na ule laini, akashika njia ya kanisani. Hakujificha. Alisalimia kila aliyekutana naye. Mlangoni alipiga magoti mbele ya mwanamke wa jiwe, kama wakamwana wawili wanaoosha vibakuli pamoja. Alikimwagia kibao maji, akaanza na ule mkali.

Jiwe la sabuni ni laini. Ndiyo sababu wamelipenda, na ndiyo sababu halina kiburi. Maziwa meupe yalianza kutiririka chini ya mkono wake. MKE ikafifia. LUTU ikachukua muda, ilichongwa kwa kina. Nyangate alisugua akiuma meno, mabega yakiwaka moto, na kila alichokuwa amekimeza tangu aolewe kikashuka mkononi: kuku, kikohozi, vicheko vya benchi la mbele, sahani chafu.

"We! We, mama!" Katekista Nyamongo alikuja mbio, funguo zikilia kiunoni. "Unafanya nini hapo?"

"Napiga msasa."

"Nani amekutuma? Hayo ni maandishi! Ni historia hiyo, wageni wanasoma!"

"Wanaume huchonga, wanawake hufuta alama," Nyangate alisema bila kuinua kichwa. "Ndiyo kazi mliyotupa. Si mniache niifanye?"

Wanawake waliokuja kufagia kanisa walisimama na mifagio yao. Mmoja, mkamwana wa boma la Omosa, alilitazama jiwe, akaitazama ile shingo, akaitazama muda mrefu. Kisha akaweka ufagio chini, akachukua kopo, akaenda kuteka maji mengine. Katekista alisema atamwita padri. Hakuna aliyemzuia.

Bibi Nyanchoka alifika taratibu na fimbo yake. Ni nani aliyemwambia, haijulikani. Huenda ni Duke. Wanawake walimpisha. Alijishusha chini kwa shida, akakaa kando ya sanamu yake, magoti kwa magoti, akaitazama kwa karibu mara ya kwanza tangu ilipobebwa kutoka migombani.

"Pua niliharibu," alisema. "Nilikuwa na haraka."

Kisha akanyoosha kidole gumba kwenye kibao. Hakuwa anajua kusoma, lakini kidole cha mpiga msasa hakidanganyiki. Kilipita kwenye mstari wa juu, kikateleza. Kilipita kwenye mstari wa chini, polepole, pale palipokuwa na jina ambalo hakulitamka maisha yake yote. Kikakwama.

Shingo yake ilitaka kugeuka. Nyangate aliuona msuli ukivuta chini ya ngozi. Bibi aliishika shingo yake kwa mkono wa pili, akaizuia.

"Bado yupo," alisema.

Nyangate akachovya msasa majini.